Tulipotembea Pwani ya Ziwa Lililoondoka

"Babu, mto wenyewe uko wapi?"

Aliyeuliza ni binti wa darasa la tano, mwenye sweta jekundu lililomfika karibu na magoti, na wakati anauliza alikuwa amesimama katikati ya mto. Sikumjibu papo hapo. Swali lake lilikuwa zuri mno kumalizwa kwa neno moja, na ninyi wajukuu zangu ambao hamkuwapo siku ile nataka mlifikie kama tulivyolifikia sisi: kwa miguu, tangu alfajiri, vumbi likiwa limetuingia hadi kwenye nyusi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Juni. Shule zimefungwa, pamba nyingi imeshachumwa, na mabua ya mtama yamesimama makavu mashambani. Tulikuwa watoto kumi na wanne na wakubwa wanne. Tulianzia upande wa Ngofila, kusini mwa Wilaya ya Kishapu, tukashika njia ya kwenda kusini zaidi, unakopita Mto Manonga, mpaka kati yetu na wenzetu wa Igunga. Kila mtoto alibeba chupa yake ya maji. Mimi nilibeba mfuko wa matobolwa na karanga za kukaanga, maana kutembea na watoto bila chakula ni kutafuta kesi. Taratibu zilikuwa tatu tu: mkubwa mmoja atangulie, mkubwa mmoja afunge mkia, na kila tunapopumzika tuhesabiane. Binti wa sweta jekundu ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu, na aliifanya kwa ukali wa kiranja.

Baridi ilikuwa ya kweli. Watu wa pwani majira haya huyaita kipupwe. Huku kwetu tunasema tu "miezi ya baridi", tunajifunga shuka na kuota moto wa asubuhi. Mvulana mmoja, meno yakimgongana, aliuliza kwa nini Kishapu ya Oktoba inachoma kama kaango na Kishapu ya Juni inatetemesha, wakati jua ni lilelile moja.

Nikamwambia hivi. Mwezi Juni jua linakuwa limehamia kaskazini. Ifikapo tarehe 21 saa sita mchana, linakaa karibu na utosi wa watu wa Aswan kule Misri, na sisi tulio kusini ya ikweta linatupiga kwa upande. Lakini hiyo ni sehemu ndogo ya jibu, kwa kuwa sisi tuko jirani sana na ikweta. Sehemu kubwa iko juu ya kichwa chako usiku. Mawingu ni blanketi la dunia. Wakati wa mvua, joto la mchana hujaribu kupanda likazuiwa na mawingu. Juni mbingu ni tupu, nyota zinaonekana zote, blanketi limevuliwa. Ardhi inapoteza joto lake usiku kucha. Ongeza kwamba Kishapu iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwamba upepo unaovuma wakati huu umeshapita nchi kavu ndefu ukabaki bila unyevu. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi mtu anatetemeka, na saa saba mchana mtu huyohuyo amefunga sweta kiunoni.

Tulikuwa tunateremka, ingawa kwa macho usingejua. Nchi ya Usukuma imelala kama mkeka uliokunjwa kidogo: vilima vya mawe hapa na pale, halafu mteremko mrefu mpole hadi bondeni. Wazee wetu waliujua mteremko huo kwa udongo. Juu kuna luseni, mchanga mwepesi unaopenda mihogo, karanga na viazi. Ukishuka unakutana na itogolo, udongo mgumu ambao jembe linaruka juu yake. Bondeni kabisa ni mbuga, ule udongo mweusi ambao masika unakuvua viatu na kiangazi unapasuka. Miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alizunguka Tanganyika akaona kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni umeungana kama pingili za mnyororo mmoja, na akaupa mpangilio huo jina la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya mnyororo. Wanafunzi wa vyuo duniani kote wanalisoma jina lake hadi leo. Mimi hufurahi nikikumbuka kwamba mkulima wa Kisukuma alikuwa na jina la kila pingili kabla ya Milne kufika.

Tulipoingia mbugani nyufa zilikuwa pana kiasi cha kupitisha mkono wa mtoto. Nikawakataza kupitisha mkono. Nyoka naye hapendi baridi.

Hapo ndipo tulipousikia muziki. Sauti nyembamba, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa kwa mbali. Watoto wakasimama. Mbele yetu kulikuwa na migunga mifupi, haizidi kimo cha mtu mzima sana, na kwenye matawi yake, katikati ya miba mirefu myeupe, kulikuwa na vinundu vyeusi vyenye ukubwa wa ndimu. Nilivuta tawi taratibu nikawaonyesha: kila kinundu kina tundu dogo la mviringo. Upepo ukipita kwenye yale matundu, mti unapiga mluzi. Kisha nikagonga kinundu kimoja kwa ukucha. Haikuchukua muda hata wa kuhesabu tano. Sisimizi wakamwagika nje, mikia juu, wakashika njia ya kidole changu. Watoto walirudi nyuma kwa kelele. Mgunga unawapa sisimizi nyumba na utomvu mtamu. Sisimizi wanaulinda mti dhidi ya yeyote anayekuja kula majani, awe mbuzi au twiga. Twiga mwenyewe, na urefu wake wote, akiumwa midomoni anaondoka kutafuta mti mwingine.

Saa tatu tukafika kwenye uwanda uliobadilika ghafla. Huku nyuma yetu malisho yalikuwa yamekwanguliwa hadi udongo unaonekana. Mbele, nyasi zilifika kiunoni, za rangi ya dhahabu, na miti imesimama kwa nafasi. Hapakuwa na ukuta wala waya. Kulikuwa na mzee mmoja tu, amejifunga shuka, katambuga miguuni, fimbo begani.

"Mwangaluka, babu!" watoto wakasema kwa pamoja, na waliofunzwa kwao wakaongeza shikamoo.

"Marahaba, wajukuu zangu. Piteni, lakini piteni kwenye kinjia. Nyasi hizi zina wenyewe."

Hiyo ndiyo ngitili. Mvua zikianza kunyesha, wenye ngitili hulifunga eneo: hakuna ng'ombe kuingia, hakuna shoka. Nyasi zinakua, zinatoa mbegu, zinakauka zikiwa zimesimama, kama chakula kilichowekwa ghalani. Kiangazi kikikaza na malisho ya nje yakiisha, wanafungua kipande kwa kipande, na ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia ndio hutangulizwa. Mzee alitueleza kwamba atafungua kipande cha kwanza baada ya mwezi hivi, na kabla ya hapo anayeingiza mifugo atajibu mbele ya wanakijiji.

Nikamwomba awasimulie watoto jinsi nchi ilivyokuwa, maana yeye aliona na mimi nilihadithiwa. Alisimulia kwa kirefu. Hapa nawapa kiini chake. Zamani Shinyanga ilikuwa na mapori mazito, na ndani yake mbung'o, waliowaletea watu malale na kuua ng'ombe. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilisimamia ufyekaji mkubwa, maelfu ya watu wakakata miti kwa mikono. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka. Halafu pamba ikadai mashamba, moto wa jikoni ukadai kuni, na zilipokuja operesheni za kuhamia vijijini miaka ya 1970, watu wengi waliziacha ngitili zao za ukoo nyuma. Ikafika mahali mkoa ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu aliujua kwa jina la HASHI, ukafanya kazi hadi mwaka 2004. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya miti. Kilichofanya kazi zaidi ni kurudia kile ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari: funga eneo, subiri, visiki vitachipua vyenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa katika mkoa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

"Babu," mvulana mmoja akadakia, "si Ng'wanamalundi ndiye aliyekausha miti kwa kidole?"

Mzee alitabasamu. Mnamjua Ng'wanamalundi? Jina lake hasa ni Igulu Bugomola, mtu wa kweli, aliyefariki mwaka 1936, na kaburi lake liko Seke, humuhumu Kishapu. Masimulizi ya Wasukuma yanasema alinyoosha kidole chake na miti iliyokuwa mbele yake ikanyauka yote. Mzee alimjibu yule mvulana kwa upole: "Yeye alikausha miti michache, tukamwimba. Sisi tulikausha mkoa mzima kwa shoka, hakuna aliyetuimba." Kisha akatuonyesha kisiki kilichochipua mashina matatu, akasema amekuwa akikipunguza matawi kwa miaka mingi ili lile shina moja linenepe. Alilishika kama mtu anavyoshika bega la mtoto wake.

Juu ya mti huo kundi la kasuku wadogo lilikuwa linagombana: kijani mwilini, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu kama umepakwa rangi, na duara jeupe kulizunguka jicho. Watu wa nchi za mbali huwafuga vizimbani kwa jina la kasuku wa Fischer, kutokana na Gustav Fischer, mpelelezi wa Kijerumani wa karne ya 19. Lakini kwao hasa ni huku, kusini na kusini mashariki ya Ziwa Victoria. Tuliwaangalia bure, wakiwa huru.

Baada ya ngitili tulipita kando ya korongo lililochimbwa na maji ya mvua, na kuta zake zilikuwa na mistari ya rangi, mweupe juu ya wa kijivu juu ya mwekundu, kama keki. Nikawasimamisha watoto nikawaambia: sasa hivi mko pwani. Wakacheka sana. Bahari ya Hindi iko mbali, hata Ziwa Victoria halionekani kutoka hapa. Lakini bonde hili la Manonga lilikuwa ziwa. Miaka ya 1990 wachunguzi wakiongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York walifukua sehemu kadhaa za bonde, Ngofila ikiwamo, wakapata mifupa iliyogeuka mawe: samaki, mamba, viboko, na tembo wa kale aina ya Anancus, ambaye pembe zake zilikuwa ndefu na karibu zimenyooka kama mikuki miwili. Wanyama hao waliishi hapa kati ya miaka milioni nne na milioni tano na nusu iliyopita. Viboko walijipoza mahali ambapo leo tunahesabu vikombe vya maji. Watoto walinyamaza, halafu wote wakainama kutafuta mifupa. Niliwaruhusu kutazama, si kuchukua. Masalia ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mfupa uliong'olewa mahali pake umepoteza nusu ya hadithi yake. Hatukupata kitu, ila jiwe moja lililofanana na goti.

Ndipo tukafika mtoni, na binti akauliza swali lake.

Mbele yetu kulikuwa na njia pana ya mchanga mweupe, imekatwa na nyayo za ng'ombe, na kingo pande zote mbili. Maji hakuna. Kulikuwa na dimbwi moja tu kwenye kona, la kijani, limetuama, na hilo nililipiga marufuku kabla hata hawajaliona vizuri: maji yaliyotuama yana konokono, na konokono hao wanabeba kichocho, ugonjwa unaoingia kwenye ngozi ya mtoto anapochezea maji kisha ukamfanya akojoe damu.

Kwanza niliwapa kazi ya kupima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto pasifanyike shughuli za kudumu, wala shughuli yoyote inayoweza kuharibu chanzo cha maji. Mita 60 ni hatua mia moja hivi za mtoto wa darasa la tano. Binti wa sweta jekundu akageuza mgongo kwa mto akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, wenzake nyuma yake kama kumbikumbi. Alipofika thelathini na moja akasimama. Mbele ya kidole chake cha mguu kulikuwa na tuta la nyanya.

Mwenye tuta alikuwapo, mama mmoja aliyejifunga kanga mbili, na dumu la njano mkononi. Alituona tumeelewa, akasema kabla hatujamwuliza: "Najua, babu. Viongozi wameshakuja. Lakini nyanya hizi ndizo zinazonunua madaftari ya watoto kama hawa. Huko juu nitamwagilia na nini?" Sitaki mtu yeyote amcheke mama yule. Mizizi ya nyasi na miti ndiyo inayoshika ukingo. Ukilima hadi mdomoni mwa mto, mvua ya kwanza inaubeba ukingo wenyewe, na baada ya miaka michache hakuna tuta wala mto. Sheria ina haki. Na mama ana watoto. Alituambia wamekubaliana kijijini kwamba msimu ujao wote watasogeza bustani nyuma, na yeye ameshaanza kulima kipande cha juu, ila kila dumu litakuwa na safari ndefu zaidi mgongoni mwake. Alilisema bila kulalamika. Mimi ndiye niliyeumia.

"Mnataka kuuona mto?" akawauliza watoto. Akashuka nao mchangani.

Kulikuwa na rundo la matawi ya miba. Akayaondoa moja moja kwa kuyashika upande wa shina, na chini yake kukawa na shimo, pana kama karai, lenye kina cha mkono wa mtu mzima hadi begani. Chini kabisa mchanga ulikuwa mweusi kwa unyevu. Akamwita binti alale kifudifudi, akampa kata. "Chota mchanga kwanza, kidogo, pembeni." Binti akachota. Shimo likabaki vilevile. Tukasubiri. Kisha chini pale pakaanza kung'aa, kama jicho linapofunguka, na maji yakaingia kutoka pembeni, bila sauti, yakipanda polepole hadi yakafunika ncha za vidole vyake.

"Ya kwanza hatunywi," mama akasema, "ni ya ndama." Akayachota, yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, akayamimina kwenye beseni. Ya pili yakaja meupe zaidi. Ya tatu yalikuwa safi kabisa kwa macho, ingawa kwake huyachemsha, na nikawaambia watoto wafanye hivyohivyo.

Mto unalala chini ya mchanga. Mkirudi nyumbani jazeni ndoo mchanga mkavu mkavu, halafu mimineni maji: mtashangaa, ndoo "iliyojaa" itapokea karibu theluthi moja ya ndoo nyingine kabla ya kufurika. Nafasi zote zile kati ya chembe na chembe ndizo ghala la maji. Jua linayakausha ya juu, lakini ukishuka chini kidogo jua halifiki. Tembo wanalijua jambo hili, huchimba mito ya mchanga kwa miguu na mkonga. Wakamba wa Kitui kule Kenya hujenga kuta za saruji mtoni makusudi ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuweka maji. Na ndiyo maana malori yanayokuja kuzoa mchanga wa mito kwa ajili ya ujenzi hunitia wasiwasi mkubwa: lori likiondoka, limeondoka na ghala.

"Sasa yanaelekea wapi?" binti akauliza, bado kifudifudi.

Manonga hauendi baharini, nikamwambia. Unaingia kwenye mbuga kubwa za Wembere, kutoka hapo Ziwa Kitangiri, kutoka Kitangiri kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na Eyasi haina mlango wa kutokea. Maji yakifika kule yanapanda mbinguni kwa jua na kuacha chumvi. Wakati huohuo, Mto Simiyu katika mkoa jirani unamwaga maji yake Ziwa Victoria, na maji ya Victoria yanatokea Jinja, yanashika Nile hadi Bahari ya Mediterania. Matone mawili ya wingu moja yanaweza kuagana juu ya mwinuko mmoja wa Usukuma, moja likaishia Misri na jingine likaishia Eyasi. Kisha nikawapa la mwisho, ambalo hata mimi hulifikiria nikifungua bomba: kule Ihelele, Misungwi, pampu zinavuta maji ya Ziwa Victoria na kuyapandisha kuja upande wetu wa Shinyanga. Maji yaliyokuwa safarini kwenda Misri yanaoshea vyombo vyetu, na yakimwagwa uani yanaanza safari ya Eyasi.

Jua lilikuwa limeshageuka. Tulikula matobolwa kwenye kivuli cha mkwaju, mama akatupa nyanya nne akakataa pesa, ndama akamaliza beseni lake. Binti alimsaidia kurudisha miba juu ya shimo, akachomwa mara mbili, hakulia. Kisha akahesabu wenzake, yeye mwenyewe akiwamo.

Walikuwa kumi na wawili. Wavulana wawili walikuwa wameshuka tena mtoni, wanakimbizana kukata moja kwa moja kwenda ng'ambo, vumbi la mchanga likiruka nyuma yao.

"Zungukeni huko!" akawapigia kelele kwa nguvu zake zote. "Mtavuruga maji!"

Walisimama, wakautazama mchanga mkavu uliokuwa mbele ya miguu yao, mweupe pande zote. Wakazunguka.